Makro ya kufuta isiishie kuuliza "Una uhakika?"

Makro ya Excel (programu fupi inayofanya kazi ndani ya faili) ikishabadilisha karatasi, Ctrl+Z haisaidii tena: orodha ya kutendua inafutika, na mistari iliyoondoka imeondoka. Kabla ya hapo kuna kisanduku kimoja tu cha ujumbe. Mtu anayebonyeza Enter kutwa nzima hasomi "Una uhakika?", amekwisha kuizoea. Namba ataisoma. Basi mtajie hasa kitakachotokea, kwa MsgBox, amri inayofungua kisanduku hicho:

jibu = MsgBox("Mistari " & n & " ya " & mwezi & " itafutwa." & vbNewLine & "Haitarudi. Uendelee?", vbYesNo + vbExclamation + vbDefaultButton2, "Kufuta mauzo")
If jibu <> vbYes Then Exit Sub

Hesabu n, yaani idadi ya mistari itakayofutwa, kabla ya kuuliza. Aliyetarajia kufuta mistari 30 akiona "Mistari 312 ya Machi itafutwa" atasimama, na hapo kisanduku kimefanya kazi yake. Kama ujumbe unataja pesa, tumia Format(jumla, "#,##0"), maana 1,250,000 inasomeka kwa jicho moja na 1250000 haisomeki. Usiandike insha: ujumbe una nafasi ya herufi 1,024 hivi, na zinazozidi hukatwa.

vbDefaultButton2, inayofanya Enter ibonyeze kitufe cha pili (No), ndiyo inayosahaulika zaidi. Bila hiyo, Enter inabonyeza Yes. Jua pia kwamba vbYesNo inazima alama ya X, na Esc haifanyi kitu. Ukitaka kumpa mtu njia ya kutoka, tumia vbYesNoCancel. Hapo X na Esc zote zinarudisha vbCancel. Ndiyo sababu sharti limeandikwa <> vbYes badala ya = vbNo: jibu lolote lisilo Yes linasimamisha kazi.

Kosa baya kuliko yote ni kuandika If vbYes Then. vbYes ni namba 6 tu, na kwa VBA, lugha ya kuandikia makro, namba yoyote isiyo 0 ni kweli, kwa hiyo makro itafuta hata mtu akibonyeza No. Mabano ya MsgBox nayo yana kanuni yake: unapopokea jibu, yaweke, unapotoa taarifa tu, yaache, la sivyo ukiwa na vipengele viwili au zaidi VBA itakataa mstari huo.

Maneno ya vitufe hayabadiliki ndani ya MsgBox. Yanafuata lugha ya Windows. Ukitaka "Futa" na "Usifute", ambavyo kwa maoni yetu ni bora kuliko Yes na No kwa sababu kitufe chenyewe kinataja tendo, tengeneza UserForm, yaani kisanduku chako mwenyewe. Bonyeza Alt+F11, kisha Insert, UserForm, uite frmFuta. Weka Label moja ya ujumbe na vitufe viwili. Kitufe cha Usifute kipe Default = True, Cancel = True na TabIndex = 0. Hiyo TabIndex si pambo: Default haifanyi kazi kama kitufe kingine ndicho kilichochaguliwa fomu inapofunguka, na Enter itaangukia Futa.

Kitufe cha Futa kiwe na mistari miwili ya msimbo: Me.Tag = "futa" (Tag ni nafasi ya fomu ya kuwekea neno), kisha Me.Hide. Cha Usifute kiwe na Me.Hide peke yake. Kwenye makro yenyewe:

frmFuta.Show
amri = frmFuta.Tag
Unload frmFuta
If amri <> "futa" Then Exit Sub

Ule mstari wa Unload usiuruke kwa kuona fomu imeshatoweka. Hide inaificha tu, na Tag inabaki na neno "futa" la mara iliyopita. Safari inayofuata mtu atabonyeza Usifute na data itafutwa. Jaribu kwenye nakala ya faili: bonyeza Futa, endesha makro tena, bonyeza Usifute, kisha hesabu mistari.