Vinasaba vya mafuta: chukua sampuli kabla lori halijashusha

Ukikabidhiwa kituo cha mafuta ukisimamie, lori lisishushe hata lita moja kabla hujachukua sampuli ya kila chemba, yaani kila sehemu ya tangi la lori. Nimefanya kazi ya kupokea mafuta, na ugomvi wa vinasaba niliouona huko ulirudi kwenye swali hilohilo: mafuta yamechakachuliwa ndani ya lori au ndani ya tangi la kituo? Asiye na sampuli ya lori hana la kujibu.

Vinasaba ni kemikali inayotiwa kwenye mafuta kwa kiasi kidogo mno, jicho na pua havigundui kitu. Umoja wa Ulaya huvitia kwenye dizeli iliyopunguziwa kodi, kama ile ya matrekta. Vikionekana kwenye tangi la gari barabarani, mwenye gari ana maelezo ya kutoa. Tanzania tangu 2010 inafanya kinyume chake. Mafuta ya soko la ndani huwekewa, yale yanayopita kwenda nchi jirani hayawekewi. Kwa hiyo mkaguzi hupima vimebaki kiasi gani. Vikisoma asilimia 80 ya kiwango kinachotakiwa, takriban sehemu moja kati ya tano ya mafuta hayo haikuwekewa vinasaba.

Hapo ndipo hata mwaminifu anaponaswa. Ukimwaga mzigo safi juu ya masalia usiyojua yalikotoka, kipimo kinashuka, na mkaguzi hapimi nia yako. Haidrometa, kifaa cha kupimia uzito wa mafuta kwa ujazo wake, haitakuokoa, maana mafuta ya taa ambayo wachakachuaji huyachanganya kwenye dizeli ni mepesi kidogo tu kuliko dizeli yenyewe, na yakichanganywa kwa kiasi kidogo uzito hauonyeshi wazi.

Wachakachuaji nao hawalali. Solvent Yellow 124, kemikali iliyotumika Ulaya kama vinasaba kwa miaka mingi, walikuwa wakiiondoa kwa asidi au udongo wa kuchujia, kisha mabaki yenye sumu wanayatupa kandokando ya barabara, hasa mpakani mwa Ireland. Mwaka 2015 Uingereza na Ireland zikaongeza vinasaba vingine vigumu zaidi kuondoa.

Ila usije ukadhani vinasaba ni cheti cha ubora. Mafuta yanaweza kusoma sawasawa na bado yakawa na maji, kwa hiyo fimbo ya kupimia ipake dawa ya kutambua maji kila mara.

Sampuli yenyewe, suuza chombo kwa mafuta yaleyale, kijaze, kifunge kwa lakiri na uandike namba yake kwenye hati ya mzigo pamoja na namba za lakiri za lori. Kiweke mbali na jua mpaka mzigo huo uishe kuuzwa. Wewe na dereva wote msaini. Atalalamika kwamba unamchelewesha, mpe kalamu.