Re: Spika za bei kali, zinastahili?
Mkuu habari. Unauliza kama ununue spika za milioni 4 kwa kuwa za sasa besi inavuma na maneno ya mwimbaji hayasikiki. Usinunue bado. Umesema sebule ni vigae na kuta tupu, spika ziko kwenye kona. Kona ndiyo inayokuza hiyo besi! Zivute nusu mita kutoka ukutani, twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio, tandika zulia. Kwangu zulia peke yake lilifanya maneno yasikike. Pesa ya ziada hulipia kabati lisilotetemeka na krosova bora (sakiti inayogawa sauti nene na nyembamba kwa spika zake), vitu vya kweli kabisa, ila chumba kibovu huvimeza. Angalia pia ampu (kikuza sauti): spika yenye usikivu wa desibeli 84, yaani sauti inayotoa kwa nguvu ileile ya umeme, hudai nguvu mara mbili ya ile ya 87 ili zilie sawa.