Polaroid ya zamani kwa picha za kila siku kwenye joto la Pwani

Ndugu mleta mada, umesema umerithi Polaroid 636 Closeup, kamera inayotoa picha ya karatasi papo hapo, kutoka kwa mjomba wako, ukauliza kama bado inafaa kupigia picha za kila siku hapa Dar es Salaam, na wachangiaji wawili watatu wamekushauri uiweke kabatini iwe pambo kwa sababu filamu zake zilikwisha. Mimi naishi Temeke na nimekuwa nikitumia kamera ya aina hiyohiyo kwa miaka kadhaa. Jibu langu ni kwamba inafaa kabisa, ila kitakachoamua ubora wa picha zako hapa kwetu ni joto kuliko kamera yenyewe: joto ambalo filamu imepitia kabla haijaingia kwenye kamera, na joto la zile dakika 10 hadi 15 ambazo picha inajisafisha, yaani sura inajitokeza yenyewe kwenye karatasi.

Waliosema filamu zilikwisha wana sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2008 kampuni ya Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu za papo hapo, na kiwanda cha mwisho, kilichoko Enschede nchini Uholanzi, kikafungwa. Kundi dogo la watu lililojiita Impossible Project lilinunua mitambo yake, likaanza upya utafiti wa kemikali kwa kuwa viambato vingi vya awali havikuwa vikipatikana tena, na mwaka 2010 likaingiza sokoni filamu yake ya kwanza. Leo filamu hizo zinauzwa kwa jina la Polaroid. Kwa hiyo filamu zipo, lakini si zilezile alizotumia mjomba wako. Pakiti ya sasa ina picha 8 badala ya 10, na kwa kuwa kamera yako huanza kuhesabu kutoka 10 kushuka chini, pakiti itakuwa imekwisha wakati kihesabio kinaonyesha 2. Usidhani kamera imeharibika.

Ukiagiza, hakikisha kasha limeandikwa 600. Kuna filamu nyingine iitwayo i-Type, kasha lake linafanana sana na la 600 na bei yake ni nafuu kidogo, lakini pakiti yake haina betri. Kamera yako haina betri yake yenyewe. Umeme wote wa fleshi, wa shata (kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga) na wa mota inayosukuma picha nje unatoka kwenye betri bapa iliyofichwa chini ya filamu, ndani ya pakiti. Ndiyo maana pia huwezi kujua kama kamera ni nzima mpaka uweke pakiti. Kama ndani mmebaki pakiti tupu ya zamani, usiitupe kwanza: fungua kamera, sikiliza kama fleshi inachaji, kisha bonyeza kitufe. Mota ikilia, una bahati. Pakiti ya zamani iliyofungwa usiitegemee kwa picha, kwa kuwa kemikali zake zitakuwa zimekauka, na hata filamu mpya hupendekezwa itumike ndani ya mwaka 1 tangu kutengenezwa. Mchangiaji aliyetaja picha za pasipoti za dakika chache za kwenye studio anazungumzia filamu nyingine kabisa, ya kubandua, yaani picha hubanduliwa kutoka kwenye karatasi yake, ambayo haiingii kwenye kamera hii. Fujifilm iliyoendelea kuitengeneza ilitangaza kuiacha mwaka 2016.

Sasa nieleze kuhusu joto, kwa sababu hapa ndipo wengi wa Pwani wanapokata tamaa na kuilaumu kamera bure. Ule ukingo mweupe mpana ulio chini ya picha haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Ndani yake mna vifuko vya kemikali. Picha inapotoka hupita katikati ya rola mbili za chuma, vifuko vinapasuka, na uji wake unasambazwa kwa usawa kati ya karatasi angavu ya juu na matabaka yaliyopokea mwanga. Katika uji huo mna alkali inayoanzisha kazi ya kusafisha picha, mna titani dioksidi ambayo ndiyo weupe unaouona nyuma ya sura ya mtu, na mna rangi za kuzuia mwanga zinazoifunika picha wakati bado ni changa, kisha zinapauka kadiri alkali inavyopungua nguvu. Rangi za picha yenyewe hupanda taratibu kutoka chini na kutulia juu. Yote haya ni kemia, na kemia huenda mbio penye joto na hudorora penye baridi. Watengenezaji wanashauri picha ijisafishe kati ya nyuzijoto 13 na 28. Dar es Salaam mwezi Januari na Februari mchana huvuka 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani hali ni mbaya zaidi. Picha iliyojisafisha kwenye joto hilo huelemea rangi ya njano au wekundu. Iliyopata baridi kali hupauka na kuvuta ubuluu.

Utaratibu wangu ni huu. Pakiti zinakaa kwenye friji, zikiwa zimefungwa, na kamwe haziingii friza, maana kemikali za ndani ya vifuko zikiganda zimeharibika. Ninapotaka kutumia moja, naitoa kama saa 1 kabla bila kuichana, ili unyevu wa hewa yetu usije ukaganda kama umande kwenye filamu yenye ubaridi. Nikitoka, kamera inakaa kwenye begi la kubebea chakula pamoja na chupa ya maji baridi iliyoviringishwa kwa khanga, na ndani ya begi hilohilo kuna daftari kubwa. Picha ikitoka naiingiza mara moja katikati ya kurasa za daftari, upande wa sura ukiangalia chini, kisha narudisha daftari begini. Hapo inapata giza na ubaridi wa wastani kwa pamoja. Giza ni la lazima hasa sekunde za mwanzo, kwa sababu rangi za kuzuia mwanga za filamu ya sasa si imara kama za zamani, na jua letu la mchana halina huruma. Watu watakuomba waitikise picha kama walivyoona kwenye sinema. Waombe radhi kwa upole. Kuitikisa hakuharakishi chochote, na kuikunja kunaweza kuharibu mtandazo wa uji.

Gharama ni kubwa, lazima niseme wazi. Hata kabla ya usafiri na ushuru, picha moja inazidi dola 2 za Marekani. Mimi hupendelea filamu ije na mtu anayesafiri kuliko ikae sijui wapi kwenye stoo yenye joto, na ninamsihi aiweke kwenye begi la mkononi, kwani mitambo inayokagua mizigo ya tumboni mwa ndege ina mionzi yenye nguvu inayoweza kuiunguza filamu.

Kuhusu mwanga, filamu ya 600 ina ISO 640 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), hivyo kivulini haina shida. Saa za kazi yake hapa kwetu ni asubuhi mpaka kama saa 3, na jioni kuanzia saa 10. Jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni, na filamu hii haiwezi kubeba kwa pamoja mwanga mkali na kivuli kizito. Jambo ambalo maelekezo ya kamera hayalisemi vya kutosha ni kwamba seli ya kupimia mwanga haijui nani ni nani kwenye picha. Ukimpiga mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera itauona weupe, itapunguza mwanga, na uso wa mtu wako utazama. Telezesha kidude cha mwanga upande wa kung'arisha, au bora zaidi, mhamishe asimame mbele ya mlango wa mbao au kitambaa chenye rangi. Sisi ndio tunaopigana picha kwa kamera hizi, na sura zetu zinastahili kuonekana vizuri.

Umbali nao uzingatie. Lenzi yako kwa kawaida huona sawasawa kuanzia mita 1.2, na ukisogeza lenzi ya karibu inafanya kazi kati ya sentimita 60 na mita 1.2. Ukiwa karibu hivyo, kumbuka kwamba tundu la kutazamia liko pembeni mwa lenzi, kwa hiyo elekeza kamera kidogo upande lilipo tundu, la sivyo utamkata mtu sikio. Fleshi hufika kama mita 3 tu. Harusi ukiwa viti vya nyuma isahau. Sebuleni kwa shangazi utapata picha nzuri.

Picha ninayoipenda kuliko zote nilimpiga mzee fundi cherehani wa mtaani kwetu, akiwa barazani asubuhi, mwanga ukimjia ubavuni kutoka barabarani. Baada ya shikamoo na maongezi, nilisimama hatua mbili kutoka kwenye mashine yake. Picha ilipotoka daftarini, kilichotangulia kuonekana ni miwani yake, kisha futikamba ya njano shingoni, kisha, taratibu sana, ule ubuluu wa kitambaa alichokuwa akikishona. Alitaka kuandika tarehe kwenye ukingo mweupe kwa chaki yake ya kushonea, ikakataa kushika, nikampa kalamu. Kwa kuwa hakuna negativu wala nakala, niliipiga picha kwa simu kabla ya kumkabidhi, na ile halisi ikaingia kwenye droo ya cherehani. Kwangu mimi hii ndiyo kazi hasa ya kamera hii: kumpiga mtu wa karibu na kumwachia kitu chake mkononi siku hiyohiyo.

Kila unapobadilisha pakiti, zifute rola kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, ukizizungusha. Ukiona madoa yanayojirudia kwa nafasi sawasawa kwenye kila picha, uji umekauka kwenye rola na si filamu mbovu.

Mwisho umeuliza kama unaweza kuzipeleka steshenari zikapigwe laminesheni ili zisiharibike. Tafadhali usifanye hivyo. Mashine ile hubana kwa joto kali, na ndani ya picha bado kuna unyevu unaohitaji wiki kadhaa kukauka. Ziache mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, zisibanwe ndani ya plastiki. Baada ya mwezi mmoja hivi ndipo uziweke kwenye albamu au fremu, na kama ni fremu, kioo kisigusane na uso wa picha.