Mwanangu, Kwa Nini Tulitia Sahihi

Mwanangu Nafula,

Salamu kutoka hapa Kimilili. Sote tu wazima, na mahindi yameanza kubeba.

Uliniuliza kwa simu kwa nini wazee wa kanisa letu, mimi nikiwamo, tulitia sahihi barua ya kupinga mswada wa mashirika ya kidini wa mwaka 2024, uliotaka makanisa yapate cheti kipya cha usajili, ilhali nchi nzima iliona miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga kula hadi wakafa. Swali lako ni la haki.

Tuanze na Shakahola yenyewe. Kanisa la Paul Mackenzie lilikuwa limesajiliwa na Msajili wa Vyama, na usajili huo ulifutwa Mei 2023, makaburi yakiwa tayari yanafukuliwa. Mackenzie mwenyewe alikuwa amekamatwa na kushtakiwa miaka ya nyuma, kisha akaachiliwa. Kumnyima mtoto chakula hadi afe kulikuwa jinai kabla ya mswada wowote kuandikwa, na kamati ya Seneti iliyochunguza maafa hayo iliwalaumu maafisa wa usalama kwa kuzembea. Sioni basi jinsi cheti kingine kitakavyofanya kazi ambayo polisi wenye sheria mkononi hawakuifanya.

Wewe umezaliwa katika nchi ya Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, kwa hiyo usiniambie kwamba serikali ikipewa rungu italitumia kwa wahalifu peke yao. Mwaka 1948 wakoloni waliipiga marufuku dini hiyo, na Februari ya mwaka huo polisi waliufyatulia risasi umati pale Malakisi, wakaua watu. Hayo ya Mzungu tungeyaelewa. Lakini dini hiyo hiyo ilipigwa marufuku tena mwaka 1968, bendera yetu ikiwa inapepea na Masinde akiwa miongoni mwa waliofungwa kwa kumpinga mkoloni. Mimi si mfuasi wa Msambwa, na babu yako aliwaogopa. Hata hivyo, afisa anayeweza kuamua leo kwamba imani yao haifai anaweza kuamua vivyo hivyo kesho kuhusu yetu.

Ndiyo maana Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuabudu, kufundisha na kushika siku yake ya ibada, peke yake au pamoja na wenzake, na Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Haki hiyo ina mipaka, nakubali: mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona tulitii, kwa kuwa ugonjwa haukuuliza mtu anasali wapi. Vipaza sauti vya kesha vikimnyima jirani usingizi, NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, waje wavipime. (Mama yako atafurahi sana.)

Kinachonikera ni serikali kuamua nani anafaa kuhubiri. Kanuni zilizopendekezwa mwaka 2016 zilitaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, zikaondolewa baada ya makanisa kulalamika. Mchungaji wetu alisomea shule ndogo ya Biblia, na hufunga duka lake la mbolea Ijumaa mchana ili awatembelee wagonjwa. Sisi tuliomchagua ndio tunaoweza kumwondoa.

Hesabu ni jambo jingine. Kila Jumapili mweka hazina na kijana mmoja huhesabu sadaka mezani mbele ya washirika, noti zikinyooshwa, sarafu zikipangwa kwa mafungu, kisha wote wawili hutia sahihi daftarini. Daftari hilo mkaguzi akilitaka, alichukue. Katika barua yetu tumeunga mkono ukaguzi wa fedha na ulinzi wa watoto. Tulichokataa ni tume ya kupima imani.

Nakala nimempa ndugu yako Wekesa, anakuja Nairobi Alhamisi. Wewe ndiwe uliyesomea sheria, kwa hiyo ukiona tumekosea mahali, nipigie kabla ya Jumapili, maana wazee tunakutana baada ya ibada kuandika maelezo ya ziada.

Baba yako