Walimu wapya wa Kiingereza huku China, kabla hujatunga karatasi ya yuekao (mtihani wa kila mwezi) soma hapa kwanza

Haya jamani, Septemba imefika na walimu wapya wamefika nayo, na karatasi za majaribio zimeshaanza kuzunguka ofisini, zingine ukizisoma hujui ulie au ucheke. Mmoja kawapa watoto wa Gao Yi (mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu) testi ya msamiati na ndani kaweka "serendipity". Mwingine katunga grammar ya who na whom ukurasa mzima. Wa tatu kaulizwa na beikezuzhang (kiongozi wa kikundi cha walimu wa somo), kwa upole kabisa, hili swali linapima nini, naye akajibu "Kiingereza". Wallahi nilitoka nje nikaenda kuchota maji ya moto ambayo sikuyahitaji.

Nawapenda nyote, lakini mnarudia makosa yetu yale yale, kwa hiyo leo dada yenu anaandika. Niko Hunan, shule ya serikali, watoto hamsini na kitu kwa darasa, na maneno ya huku nitayatafsiri kidogo tu, mara moja moja, manake mnayasikia kila siku kwenye mikutano.

1. Fanya karatasi mwenyewe kabla ya kuicheka.

Weka simu mbali, kaa dakika 120, fanya karatasi nzima ya gaokao (mtihani wa kuingia chuo kikuu) ya kitaifa, ile inayoitwa karatasi ya I. Listening maksi 30, reading 50, klozi (habari yenye maneno yaliyofutwa, unajaza) na grammar 30, kuandika 40, jumla 150. Alafu jisahihishe kwa ukweli bila kujihurumia. Najua mtu aliyesomea Kiingereza tangu chekechea, kazaliwa nacho, akakosa kwenye wanxing, yaani hiyo klozi, akaja kubishana na karatasi ya majibu kama anabishana na makanga wa matatu. Ukishakosa mawili matatu utaacha ile tabia ya kusema "mitihani yao ni ya kukariri tu".

2. Msamiati una mipaka na mipaka imeandikwa.

Kuna mtaala wa 2017, uliorekebishwa 2020, na nyuma yake kuna orodha ya maneno: mtoto akimaliza Gao San (mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu) anatakiwa awe na kama 3,000 hivi, yakiwemo yale 1,500 aliyotoka nayo chuzhong, sekondari ya chini. Neno likitoka nje ya orodha kwenye habari ya kusoma, watunzi wa gaokao wenyewe huliwekea maana ya Kichina pembeni. Sasa wewe ni nani uliyeleta serendipity?

Ukitaka kuwapima vizuri chukua neno wanalolijua na ulitumie kwa maana wasiyoizoea. Address wanajua ni anwani, mpe "address the problem" uone. Cover wanajua ni kufunika, mpe "cover forty miles a day". Hapo ndipo unajua nani anasoma na nani anatambua sura za herufi tu. Na tingxie (imla) ya asubuhi iwe maneno kumi, yaliyomo ndani ya sentensi, basi.

(Kila kizazi cha wanafunzi huku kina utani ule ule kwamba kitabu cha maneno kinaanza na abandon, na wengi wanaishia hapo hapo. Watawaambia kama wameubuni wao, chekeni.)

3. Klozi. Hapa kaeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza beikezuzhang, mama mmoja mtu mzima, hasemi sana, aliniomba nitunge wanxing ya yuekao ya Gao Yi. Nilifurahi vibaya. Sisi walimu wa kigeni kawaida tunapewa oral tu, kucheza na watoto michezo dakika arobaini, kwa hiyo kuombwa kutunga mtihani ni heshima. Tena mimi nimefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Paper 1 yetu ina klozi ya nafasi kumi na haina hata majibu ya kuchagua, unajaza kutoka kichwani. Nikasema hawa wana A, B, C, D, watashindwaje.

Nikaandika hadithi yangu mwenyewe. Babu, Lamu, jahazi, kaskazi inavuma, mjukuu anajifunza kusoma upepo. Nzuri sana, hadi leo naipenda. Alafu nikakumbuka chuoni tulisoma habari za Taylor wa 1953, aliyeanzisha klozi, unafuta kila neno la kadhaa bila kuchagua. Nikafuta kila neno la saba. Unaona hapo shida imeshaanza, kwa sababu ukifuta hivyo unaangukia the, unaangukia of, unaangukia in, na wanxing ya huku haipimi hayo hata kidogo, inapima vitenzi na nomino na vivumishi, na majibu yote manne lazima yawe ya aina moja, ili mtoto asichague kwa sarufi bali kwa mtiririko wa habari. Mie nikaweka in, on, at, by. Mbili kati ya hizo zilikuwa sawa. Nilichukua ile iliyonikaa vizuri mdomoni.

Na hiyo haikuwa mbaya kuliko namba 48. Babu karudi nyumbani kachoka: "he ____ into the chair". Majibu: fell, dropped, sank, jumped. Jibu langu lilikuwa sank. Hebu soma tena. Tatu kati ya nne zinaingia bila tatizo lolote.

Yule mama akaniita kabla haijaenda kuchapishwa, akaweka kidole kwenye 48, akaniuliza, "Ushahidi uko mstari gani?" Mimi nikasema hakuna mstari, ndivyo tu inavyosikika kwa mtu anayejua lugha. Akaniuliza tena, polepole. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ananidharau, nikaona hii ni ile ile ya pasipoti yangu, kwamba ningekuwa mzungu asingeniuliza. Nikakaza shingo. Nikamwambia aniamini, Kiingereza hiki nimekua nacho. Akanitazama kidogo akasema sawa, akapitisha.

Mtihani ukafanywa, kadi za majibu zikaskaniwa, namba zikatoka. Namba 48, watoto wa juu kabisa wa darasa walikosa na watoto wa chini wakapata. Yaani swali lilikuwa linatenganisha watu kinyumenyume. Wale wa juu waliona kwamba jibu zaidi ya moja linafaa, wakaanza kufikiria, wakapotea. Wale wa chini walipiga tu. Klozi nzima ilitoka na nandu (wastani wa maksi ukigawanywa kwa maksi kamili) ya chini sana, darasa halikufika hata nusu ya maksi, wakati ya yuekao tunaitaka 0.6 na kitu. Na nusu ya wale watoto hawajawahi kuona bahari, wao na kaskazi wapi na wapi.

Kesho yake asubuhi, kabla hata zaodu (kipindi cha kusoma kwa sauti) haijaisha, akaja msichana mmoja na cuotiben yake (daftari la makosa), kalamu nyekundu mkononi, mpole, akaniambia, "Laoshi, naomba unieleze kwa nini si dropped, nataka niandike sababu." Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Ningemwambia nini, andika kwamba mwalimu alisikia hivyo? Yule mtoto alikuwa anasubiri na kalamu iko juu ya karatasi. Nikamwambia nitamjibu mchana. Mchana nikapita njia nyingine.

Kufika jioni wazazi walikuwa wameshawaka kwenye grupu la WeChat. Ikabidi maswali yenye utata wote wapewe maksi, na mnajua maana yake: rank inabadilika, banzhuren (mwalimu wa darasa) wa kila darasa anakaa usiku kupanga upya majedwali, mtoto aliyekuwa ameshampigia mama yake simu kumwambia yuko kumi bora anaambiwa hapana, hupo. Halafu ukaja mkutano. Nilijiandaa kusimama, nimeshapanga hadi maneno. Yule mama akanitangulia akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepitia karatasi. Akakaa. Hakunitazama. Ningechapwa viboko mbele ya bendera ingeniuma kidogo kuliko vile.

Nilimfuata baadaye nikaomba msamaha, hakusema chochote kuhusu kosa, alinivutia kiti akatoa wanxing za gaokao za nyuma na penseli, tukaanza kutafuta ushahidi. Kila nafasi, mstari. Hapa "smiled" iko mstari wa tatu kwa hiyo hapa haiwezi kuwa "upset". Hapa "but", kwa hiyo geuza. Tulifanya hivyo hadi kengele ya wanzixi, masomo ya jioni. Sasa hivi nikitunga, kila nafasi naichorea mstari hadi kwenye ushahidi wake, na nafasi isiyokuwa na mstari inakufa hata kama naipenda. Na shuangxiang ximubiao (jedwali la kupanga kila swali linapima nini) najaza KABLA ya kutunga, sio baada ili kumfurahisha mkuu wa idara, nyinyi nawajua.

Kama unaona nakuza mambo kwa sababu ya maksi moja moja, muulize mtu wa Zhejiang habari ya Novemba 2018. Mtihani wa Kiingereza wa gaokao ulionekana mgumu, wakaamua kuongezea uzito baadhi ya sehemu wakati wa kutoa maksi, na watu walichachamaa hadi Desemba serikali ya mkoa ikafuta huo uzito na kurudisha maksi za awali. Hiyo ni mkoa mzima. Huku maksi moja kuna watoto mamia wamesimama juu yake.

4. Grammar. Nafasi kumi, maksi 1.5 kila moja, kawaida saba zina neno kwenye mabano na tatu hazina kitu. Habari yenyewe mara nyingi ni ya mambo ya kwao: 2022 ilikuwa hifadhi ya panda, 2023 ilikuwa xiaolongbao, vile vibumba vya mvuke vyenye nyama na supu ndani. Kwa hiyo wekeni mbali zile sentensi za John na Mary. Watoto hawakosi kwa sababu hawajui sheria, wanakosa kwa sababu wamesahau s, au wameandika r moja kwenye occurred, na mashine ya huruma haipo. Sheria ya whom wanaijua kuliko wewe, usijaribu kushindana nao.

5. Reading. Ukimaliza kutunga maswali, mpe mwenzio wa ofisini maswali peke yake bila habari. Akipata zaidi ya bahati, tupa. Nilimpa mwalimu wa fizikia maswali ya mwalimu mpya mmoja juu ya uchafuzi wa plastiki baharini, akapata yote, akauliza habari yenyewe iko wapi na kama anaweza kupewa cheti. Bila shaka, ukiuliza "mwandishi anaonaje plastiki baharini" na majibu ni anaipenda, hajali, inamtia wasiwasi, inamchekesha, unapima nini? Na ile qi xuan wu (kuchagua sentensi tano kati ya saba za kujaza habari), sentensi mbili za ziada nazo ziwe na kazi, zifanane na aya ambayo si yao. Usizitie ili kujaza tu.

6. Kuandika. Li Hua, yule mhusika wa kubuni wa maswali ya barua, mtamjua, maskini huyu kijana ana marafiki wa kigeni kila nchi na wote hawajui kitu, kila mwaka anawaandikia barua za kuwaelekeza, maneno 80. Huyo hana shida. Shida ni xuxie, maksi 25, hadithi ya kuendeleza kwa maneno 150. Walimu wapya mnasoma "tears welled up in my eyes" mnasikia huruma mnatoa 22. Soma ya pili. Machozi. Ya tatu, machozi tena, na jua linachomoza juu ya bega la mtu. Wamekariri! Mbwa kapotea, machozi. Mbwa kapatikana, machozi. Kijana kashinda mbio, mama yake analia kwenye ukingo wa uwanja. Mimi natazama kwanza kama aya mbili zimeungana na ile sentensi ya mwanzo waliyopewa na kama mhusika anafanya kitu chenye maana, machozi baadaye. Kuna mvulana mmoja aliandika mbwa kapatikana na kila mtu akaenda kula tambi. Nilimpa maksi nzuri sana, banzhuren akaniuliza mara mbili.

7. Listening mkiombwa kurekodi, rekodini studio ya shule, sio bwenini na kiyoyozi kinanguruma. Na kumbukeni yale mazungumzo mafupi matano ya mwanzo yanasomwa mara moja tu, yanayofuata mara mbili. Kuna mtu karudia yote mara mbili kwa ukarimu, darasa zima likapata full, wakamshangilia korido nzima kama kaleta kombe.

Anayetaka nimpitie karatasi yake ya yuekao ijayo aniletee kabla ya Ijumaa, iwe imechorwa mistari ya ushahidi kwa penseli, na jedwali limejazwa. Ikija bila mistari naikunja narudisha. Asije saa ya wuxiu (usingizi wa mchana) tu, hapo nimelala na simu iko kimya.