Mguu hauna nguvu, vipimo ni safi: tuanzie wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi wadi ya watoto, Arua, Uganda. Tuna msichana wa miaka 12, yuko P.7 (darasa la saba), anayeburuta mguu wa kulia wiki ya pili sasa. Malaria hana, selimundu hana, picha ya mgongo haina kitu. Mwenzangu anasema anajifanya ili akwepe mtihani. Mama anasema karogwa. Tutathibitishaje kwamba ni msongo wa mawazo?

JIBU: Dada, mtoto huyo hajifanyi. Mishipa na misuli inaweza kuwa mizima, lakini ubongo ukashindwa kuuamrisha mguu, naye hana uwezo wa kuurudisha kwa kutaka tu.

Vipimo safi havithibitishi kitu. Wala msongo hauthibitishi: nani hana msongo P.7? Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka 2013, uliondoa sharti la kutafuta chanzo cha kisaikolojia kabla ya kuutambua ugonjwa wa aina hii (kwa Kiingereza, conversion disorder). Unataka ishara zinazoonekana kwa mgonjwa mwenyewe.

Mojawapo ni ishara ya Hoover. Mlaze chali, weka kiganja chako chini ya kisigino cha kulia, mwambie akandamize. Hawezi. Sasa mwambie ainue mguu wa kushoto huku mwenzako akiuzuia. Ukihisi kisigino cha kulia kinakandamiza kiganja chako, basi njia ya neva inafanya kazi. Mwonyeshe yeye na mama yake. Wakiona kwa macho, mabishano hupungua. Ila nyonga ikimuuma, ishara hiyo inaweza kukudanganya.

Usiitegemee peke yake. Kule Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, watoto walipoanza kutikisa vichwa, wapo waliodhani ni majeraha ya vita moyoni. Kipimo cha umeme wa ubongo kikaonyesha kifafa.

Ndiyo maana nataka mkutane mapema, si baada ya kila mtu kumaliza vipimo vyake: daktari wa watoto, ofisa wa kliniki wa afya ya akili, mtu wa fiziotherapia, ofisa ustawi wa jamii, na wewe. Wewe ndiye unayemwona usiku. Ukimwona anarusha blanketi kwa mguu huohuo, andika, lakini usimkabili kama mtu aliyekamatwa akiiba. Mmoja wenu azungumze naye faraghani kuhusu nyumbani na shuleni, viboko, na kama kuna mtu anayemgusa vibaya.

Fiziotherapia ianze leo, isingoje mtaalamu wa akili. Na mama aambiwe na mtu mmoja tu, kwa maneno yaleyale kila siku: ugonjwa ni wa kweli, tunaujua, wengi hupona. Habari ya kurogwa msibishane naye. Akitaka kumwombea, amwombee, mradi mtoto asitoke wadini.

Mkiona haja ndogo imezuia, homa, uzito unashuka, au ukigonga goti mguu hauruki, acheni haya yote na mpigie simu daktari siku hiyohiyo.