Julius Hirsch alikuwa nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesikia Wajerumani wana Tuzo ya Julius Hirsch, inayotolewa na shirikisho lao la soka. Huyu bwana alikuwa mchezaji au kiongozi? Hapa kijiweni hakuna anayemjua. – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alikuwa mchezaji, tena wa mguu wa kushoto. Alizaliwa Achern mwaka 1892, akajiunga na Karlsruher FV akiwa na miaka 10. Wenzake walimwita Juller. Mwaka 1910, yeye na kina Fritz Förderer na Gottfried Fuchs pale mbele, walitwaa ubingwa wa Ujerumani.

Shika tarehe hii: Machi 24, 1912, mjini Zwolle. Ujerumani ilitoka sare ya 5–5 na Uholanzi, na mabao manne kati ya matano ya Wajerumani aliyatia wavuni Hirsch. Kabla yake hakuna Mjerumani aliyewahi kufunga manne katika mechi moja ya timu ya taifa. Mwaka 1914 akabeba ubingwa mwingine, safari hii na SpVgg Fürth. Kisha vita vikaja. Alipigana miaka minne, akavishwa Msalaba wa Chuma. Kaka yake Leopold hakurudi.

Hirsch alikuwa Myahudi. Aprili 10, 1933 alifungua gazeti la michezo akakuta klabu kubwa za kusini, na yake ya Karlsruher FV ikiwemo, zimeamua kuwaondoa Wayahudi. Hakungoja kufukuzwa. Siku hiyohiyo aliandika barua kwa klabu aliyokuwa mwanachama wake tangu 1902, akajiuzulu kwa masikitiko, akawakumbusha kwamba wako Wayahudi walioipenda Ujerumani na kuimwagia damu yao. Barua hiyo huniuma kila ninapoikumbuka. Hakuna tusi ndani yake.

Machi 1, 1943 alipandishwa treni Karlsruhe kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Njiani alituma kadi, ikagongwa muhuri wa posta Dortmund. Aliiambia familia yake kwamba amefika salama na hali ni nzuri, akawatumia mabusu, akasaini: Juller. Hakurudi tena. Wanawe Heinold na Esther walipelekwa Theresienstadt, kambi nyingine ya Wanazi, mwaka 1945, wakanusurika.

Tuzo hiyo, inayotolewa tangu 2005, huwaenzi wanaopinga ubaguzi. Lakini wakikuuliza hapo kijiweni, anza na yale manne ya Zwolle. Mwenyewe alikuwa mtu wa mpira.